APOLO KIVEBULAYA: MTU ALIYERUDI MBOGA



Kila mwaka, tarehe 30 Mei, Waanglikana wa Uganda na wa Kongo humkumbuka mtu mmoja ambaye hakuwa askofu, wala hakutoka katika nyumba ya wakubwa, wala hakusoma shule kubwa. Jina lake ni Apolo Kivebulaya. Wengi wetu tumelisikia jina hilo likitajwa kanisani, kisha tukalisahau. Nami nimeona ni vema tuketi pamoja kidogo tuyatazame maisha yake, maana yanatufundisha jambo moja ambalo sisi Wakristo wa siku hizi tunalipenda kwa midomo, lakini miguu yetu haitaki kulifuata.

Jambo lenyewe ni hili: kumpa Mungu moyo wote si kwenda mara moja tu. Wengi huenda mara moja. Moyo wote huonekana siku ile mtu anapokataliwa, akapigwa na kuaibishwa, kisha akarudi palepale.

Kijana wa Singo

Apolo alizaliwa karibu na mwaka 1864 katika wilaya ya Singo, nchi ya Buganda. Alizaliwa pacha, na jina lake la kwanza lilikuwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha aliyetangulia kuzaliwa.

Siku za ujana wake zilikuwa siku za misukosuko mingi. Mwaka 1877 wamisionari wa kwanza wa CMS walifika kwa Kabaka Mutesa. Mwaka uliofuata akafika Alexander Mackay, fundi hodari wa mikono, aliyejua kazi ya chuma, mbao na kupiga chapa. Wapo watakaofurahi kujua kwamba wasomaji wale wa kwanza wa Buganda hawakuanza kusoma kwa Kiganda. Mackay aliwafundisha kwanza kwa vitabu vya Kiswahili, vile vilivyotafsiriwa na Askofu Edward Steere kule Unguja. Basi lugha hii tunayoitumia katika sala zetu ilikuwa mlango wa Injili kwa watu wa Buganda kabla hawajaipata kwa lugha yao wenyewe.

Kijana Waswa alikuwa miongoni mwa waliomsikia Mackay akifundisha. Lakini kusikia ni jambo moja, na kuamini ni jambo lingine. Kabaka Mutesa alipofariki mwaka 1884, mwanawe Mwanga akatawala. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliuawa njiani Busoga, na tarehe 3 Juni 1886 vijana wengi, Waanglikana na Wakatoliki, walichomwa moto Namugongo. Mackay mwenyewe alifukuzwa mwaka 1887, akafia Usambiro, kusini ya ziwa, katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, mwezi wa Februari 1890. Katikati ya mambo hayo vilizuka vita vya dini. Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti walipigania utawala wa Buganda. Kijana wetu naye alishika silaha. Kwa muda alikuwa upande wa Waislamu, baadaye akajiunga na Wakristo. Hata akafika nchi ya Toro, iliyoko magharibi, akiwa miongoni mwa askari.

Hapo ndipo tunapoona jinsi Mungu anavyogeuza mambo. Nchi ile aliyoiona mara ya kwanza akiwa na silaha, alirudishwa baadaye akiwa na kitabu.

Mnamo mwisho wa mwaka 1893 ulianza uamsho katika Kanisa la Buganda, baada ya mmisionari George Pilkington kurudi kutoka kisiwa cha Kome katika Ziwa Viktoria, ambako alikuwa amejitenga kwa maombi, akitambua kwamba kazi yake ilikosa nguvu ya Roho Mtakatifu. Aliungama hayo mbele ya watu, na moto ukawaka. Waganda wengi wakajitoa kwenda kufundisha nchi za mbali, wakitegemezwa kwa sadaka za Wakristo wenzao. Ni katika siku hizo kijana wetu alipobatizwa, mwaka 1895, akiwa mtu mzima wa miaka kama 30. Akachagua jina la Apolo, yule tunayesoma habari zake katika Matendo ya Mitume sura ya 18, Myahudi wa Aleksandria aliyeyajua Maandiko na kufundisha kwa bidii.

Jina la pili, Kivebulaya, alipewa na watu. Maana yake ni kitu kitokacho Ulaya, kwa sababu alikuwa na koti jekundu la kiaskari alilolivaa pamoja na kanzu yake nyeupe. Lilikuwa jina la utani, nalo likamng'ang'ania mpaka kaburini. Ni ajabu kidogo kwamba mtu aliyeitwa kitu cha Ulaya ndiye aliyewaonyesha watu wengi wa misitu na milima kwamba Kristo si wa Ulaya.

Kuvuka Semliki

Mwaka uleule wa 1895 Kanisa lilimpeleka Apolo kuwa mwalimu katika Toro. Tafadhali tuangalie vizuri: alikuwa amebatizwa mwaka huohuo. Hakusema kwamba bado ni mchanga katika imani, wala hakungoja mpaka wakubwa watangulie. Alichokijua alikwenda kukigawa, na asichokijua akaendelea kujifunza huku akifundisha. Sisi tuliofundisha shule tunajua kwamba hiyo ndiyo njia ya hakika ya kujifunza.

Mfalme wa Toro, Kasagama, alibatizwa mwaka 1896 akaitwa Daudi, na kazi ikastawi. Kama Apolo angetaka kukaa mahali penye baraka na heshima, Toro palitosha. Lakini ng'ambo ya milima ya Rwenzori na mto Semliki kulikuwa na nchi ndogo iitwayo Mboga. Wengi wa watu wake walikuwa Wahema, wafugaji wa ng'ombe, ambao lugha yao yakaribiana na ile ya Toro. Mtawala wao aliitwa Tabaro.

Waalimu wawili wa Kiganda, Petero Nsugba na Sedulaka Makwata, walikuwa wametangulia kwenda huko. Tabaro alichoka na mafundisho yao, akawakataza watu wake wasiwape chakula. Njaa ikawashinda, wakarudi. Wala tusiwalaumu, maana njaa ina nguvu. Lakini mlango ulikuwa umefungwa, na habari zake zilijulikana kote Toro. Ilipoulizwa nani ataushika mzigo ule, Apolo akakubali. Mwishoni mwa mwaka 1896 akavuka Semliki, akapanda ule ukingo mrefu wa nchi ya juu, akaingia Mboga.

Yatupasa tumhurumie Tabaro pia. Yeye aliona wageni kutoka Buganda, nchi yenye nguvu, na nyuma yao aliona kivuli cha serikali ya Waingereza iliyokuwa ikienea. Aliona watu wanaokuja kukemea pombe, uchawi na kuoa wake wengi, mambo ambayo heshima ya mtawala ilisimama juu yake. Mtu wa namna hiyo atawezaje kujua kwamba mgeni huyu hakuja kumnyang'anya nchi?

Apolo hakubishana naye kwa maneno mengi. Aliponyimwa chakula, alishika jembe akalima chake. Alifundisha watu kusoma, akajenga nyumba ya sala pamoja nao. Wachache wakaanza kumfuata, na kadiri walivyoongezeka ndivyo hasira ya Tabaro ilivyoongezeka. Wakati mmoja Apolo alipigwa vibaya kwa amri ya mtawala, akaachwa kama mtu aliyekufa. Mwanamke mmoja akamhudumia kwa siri mpaka akapata nguvu. Jina la mwanamke huyo halitajwi sana, lakini nadhani katika kitabu cha uzima limeandikwa kwa wino mweusi kabisa.

Minyororo

Kisha ikaja siku ngumu kuliko zote. Watu walikuwa wakisaidia kujenga, na miongoni mwao alikuwapo dada yake Tabaro. Kwa bahati mbaya yule dada akaangukia mkuki, ukamchoma, akafa. Hapakuwa na mkono wa mtu. Lakini Tabaro aliyekuwa akitafuta sababu sasa aliipata. Apolo akashtakiwa kwamba ameua. Akafungwa, akapelekwa ng'ambo, mpaka kwenye ngome ya Waingereza katika Toro, akatiwa gerezani.

Ndugu zangu, tufikiri kidogo. Njia ile aliyoipita akienda kuhubiri sasa alipitishwa akiwa mfungwa. Watu wa Toro aliowafundisha amri za Mungu walimwona akiwa ameshtakiwa kwa kuua. Alikuwa na dhiki ya mwili, nayo dhiki ya jina ilikuwa kubwa zaidi. Yuko mtu anayeweza kustahimili njaa na fimbo, lakini asistahimili kuonekana mwovu mbele ya watu waliomheshimu.

Katika dhiki za siku zile Apolo alimwona Bwana Yesu katika maono, aking'aa kama jua, akimtia moyo na kumwahidi kuwa pamoja naye. Habari hiyo aliisimulia mwenyewe mara nyingi mpaka uzeeni, naye hakuisimulia kwa kujivuna. Aliisimulia kama mtu anayeeleza kwa nini hakukata tamaa. Alisema kwamba tangu siku ile, alipohubiri, watu waliacha mambo yao ya zamani wakaamini. Hakusema kwamba yeye aligeuka kuwa msemaji hodari. Alijua nguvu ilitoka wapi.

Shtaka halikuweza kusimama, akaachiliwa.

Kurudi

Hapa ndipo penye kiini cha maisha yake, nami naomba tusipapite upesi.

Apolo alikuwa huru. Hakuna ambaye angemlaumu kama angesema kwamba amefanya sehemu yake. Toro palikuwa na mfalme Mkristo, makanisa yaliyojaa, na wanafunzi wengi wa ubatizo waliohitaji mwalimu. Kazi ya Mungu ilikuwapo tele palepale alipokuwa amesimama. Shetani mara nyingi hatuambii tuache kazi ya Mungu, bali hutuambia tuifanye mahali palipo rahisi.

Apolo akavuka tena Semliki, akarudi Mboga.

Yasimuliwa kwamba watu waliodhani wamemmaliza walishangaa kusikia tena ngoma ya kuwaita waamini kwenye sala. Tabaro naye akasikia. Alikuwa ametumia njaa, fimbo, moto na minyororo, na silaha nyingine hakuwa nayo. Mbele yake alisimama mtu asiyedai malipo, asiyeshtaki, wala kutafuta cheo chake. Basi yule mtawala akaja mwenyewe kusikiliza, na mwisho akawa Mkristo. Kanisa la Mboga likasimama, na yule aliyelipiga vita akawa miongoni mwa washirika wake.

Mimi huwaza hivi: mahubiri ya kwanza ya Apolo katika Mboga Tabaro hakuyaelewa. Mahubiri aliyoyaelewa ni kule kurudi.

Mwalimu, shemasi, kasisi

Mwaka 1900 Askofu Alfred Tucker alimweka Apolo kuwa shemasi, na mwaka 1903 akamweka kuwa kasisi. Kwa miaka mingi baada ya hapo Kanisa lilimpa kazi katika mitaa mbalimbali ya Toro, naye akaifanya kwa uaminifu, akitembea kwa miguu kijiji kwa kijiji. Lakini Mboga hakuisahau. Wakati huo Waingereza na Wabelgiji walikuwa wamegawana nchi, na mpaka wao ukaiweka Mboga upande wa Kongo ya Wabelgiji. Kanisa lile dogo likajikuta limetengwa na mama yake. Karibu na mwaka 1915 Apolo, sasa mtu wa miaka 50 na kitu, akarudi tena Mboga, akakaa huko mpaka kufa kwake. Mpaka waliouchora wakubwa kwenye karatasi yeye aliuvuka kama alivyouvuka mto.

Hakuoa. Katika nchi zetu jambo hilo ni la kushangaza hata leo, na wakati ule lilishangaza zaidi. Lakini nyumba yake haikuwa tupu. Aliwalea watoto wengi, akawalisha, akawafundisha kusoma na kulima, na baadhi yao wakawa waalimu wa Kanisa. Posho yake haikukaa mfukoni. Aliyekuja bila nguo hakutoka bila nguo ikiwa Apolo alikuwa nayo ya kumpa. Mwaka 1922 alifanywa Kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe, heshima kubwa kwa mtu wa kijijini, naye akarudi katika nyumba yake ya nyasi na watoto wake kama kawaida.

Aliandika pia. Aliacha daftari za kumbukumbu kwa Kiganda, ambamo aliandika safari zake, watu aliowatembelea na aliowabatiza. Mwandishi wa Kiingereza A. B. Lloyd, mmisionari aliyemfahamu, alitoa kitabu juu yake mwaka 1923, wakati Apolo mwenyewe angali hai. Hivyo jina lake likafika mbali kuliko miguu yake.

Msituni

Magharibi ya Mboga unaanza msitu mkubwa wa Ituri. Ndani yake waliishi Wambuti, watu wafupi wa kimo, ambao vitabu vya zamani viliwaita Mbilikimo. Waliishi kwa kuwinda na kukusanya matunda na asali, wakihama kutoka kambi hadi kambi. Majirani zao waliwanunulia nyama na kuwapa ndizi, lakini waliwadharau, na wengine hawakuwahesabu kuwa watu kamili.

Karibu na mwaka 1921 Apolo alipata maono mengine. Aliamini kwamba Bwana amemwagiza aende msituni kuhubiri, na kwamba atakuwa pamoja naye. Alikuwa anakaribia miaka 60. Katika umri huo wengi wetu tunahesabu miaka ya kupumzika, na mimi mwenyewe nimo. Yeye alianza kazi mpya.

Tena aliianza kama mwanafunzi. Hakuwaita Wambuti watoke msituni waje kukaa kama Wahema au Waganda ndipo wasikie Injili. Alikwenda waliko, akaketi nao, akala nao, akajifunza maneno yao moja moja na kuyaandika. Kwa msaada wao akaanza kuigeuza Injili ya Marko katika lugha yao. Waalimu aliowalea Mboga aliwapeleka wakae kando ya msitu, wawe karibu nao. Kambi ikihama, mwalimu alipaswa kuitafuta. Kazi hiyo haikuwa na takwimu za kupendeza za kupeleka kwa askofu. Ilihitaji mtu asiyeona aibu kwenda mara kumi kwa watu kumi. Kabla ya kufa kwake, wa kwanza miongoni mwao walikuwa wamebatizwa.

Hebu tuone maana yake. Mhema wa Mboga aliyezoea kumwona Mmbuti kuwa kiumbe wa msituni, sasa alimwona Kanoni wake akiketi chini kando ya moto wa Mmbuti na kumwita ndugu. Mahubiri hayo hayakuwa kwa Wambuti peke yao. Kanisa la Mboga nalo lilihubiriwa.

Kaburi lake

Apolo alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa alitoa maagizo juu ya kaburi lake. Desturi ilitaka maiti alazwe kichwa kikielekea mashariki, upande wa nyumbani kwake Buganda. Yeye aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu na nchi ya Kongo ambako Injili ilikuwa bado haijafika. Alitaka hata mifupa yake iwaonyeshe Wakristo wa Mboga njia ya kwenda.

Watu walioachwa nyuma waliielewa ishara ile, ingawa pole pole. Kwa miaka mingi Kanisa la Kianglikana katika Kongo lilikuwa ni Mboga na vijiji vya karibu tu. Kisha likaanza kuenea. Mwaka 1972 ikafanywa Dayosisi ya Boga-Zaire, na Philip Ridsdale akawa askofu wa kwanza. Mwaka 1980 ikawa sehemu ya Jimbo moja pamoja na Burundi na Rwanda, na askofu mkuu wake wa kwanza alikuwa Bezaleri Ndahura, askofu wa Bukavu. Mwaka 1992 nchi ile, iliyoitwa Zaire wakati huo, ikawa Jimbo lake yenyewe. Leo dayosisi zake zimefika magharibi mpaka Kinshasa. Na katika mashariki ya Kongo ibada nyingi za Waanglikana hao husomwa kwa Kiswahili, lugha ileile aliyotumia Mackay kuwafundishia Waganda wa kwanza. Watu wa huko wameonja vita na kukimbia makwao kwa miaka mingi. Mboga yenyewe imepata mashambulio makali katika miaka hii. Tunapomkumbuka Apolo, tusiache kuwaombea watoto wa kazi yake.

Na sisi je?

Ndugu wapendwa, sitaki kumaliza kama mwalimu aliyewasahihisha wengine na kuficha daftari lake mwenyewe. Nami nina jambo la kuungama.

Nilipotoka chuo cha ualimu nikiwa kijana, nilipelekwa kufundisha katika kijiji cha mbali. Watu wa pale hawakutaka sana shule, na kanisa hawakulitaka kabisa. Jumapili nilisali na familia mbili tu chini ya mwembe. Mtu mmoja alieneza uvumi mbaya juu yangu, ukaaminiwa. Sikufungwa minyororo wala sikupigwa. Niliumia jina tu. Baada ya mihula miwili niliomba uhamisho, nikaupata, nikaenda mahali pazuri penye kanisa kubwa, nikaimba katika kwaya yake kwa furaha. Nilisema ni Bwana aliyenifungulia njia. Huenda ni kweli. Lakini zile familia mbili sikuzirudia hata siku moja, na nilipoisoma habari ya Apolo kuvuka tena Semliki, niliukumbuka ule mwembe.

Sasa tuutazame mtaa wetu. Tunacho kijiji ambacho mwinjilisti alikwenda, akakataliwa, na tangu hapo hatujatuma mtu. Tunao Wakristo walioacha ibada kwa sababu ya ugomvi, tukawatembelea mara moja, wakatujibu vibaya, tukasema tumetimiza wajibu. Tunao vijana tuliowapa kipaimara kisha tukawaachilia kama ng'ombe wasio na mchungaji. Na wako majirani tunaowadharau kimoyomoyo, kama Wahema walivyowadharau Wambuti, ambao hatujawahi kuketi nao hata kwa kikombe cha chai.

Tusiseme kwamba kazi hii ni ya kasisi na mwinjilisti. Apolo alipokwenda Mboga mara ya kwanza hakuwa shemasi wala kasisi, bali Mkristo aliyebatizwa mwaka uliotangulia. Wala tusiseme hatuna uwezo. Alikuwa na jembe, kitabu na ngoma. Hivyo vyote mtaa wetu unavyo.

Nawaomba jambo dogo. Tarehe 30 Mei ijayo, kila mmoja wetu afikiri juu ya mtu mmoja au nyumba moja aliyokwenda akakataliwa, asirudi tena. Amwombee mtu huyo kwa jina. Kisha, bila maneno mengi, arudi. Mimi nimeshamwandikia barua mzee mmoja wa kile kijiji cha mwembe, mtoto wa familia mojawapo kati ya zile mbili. Akinikaribisha nitakwenda. Na asiponikaribisha, nimejifunza kwa Apolo la kufanya.

Bwana atupe moyo usiogawanyika, na miguu inayojua njia ya kurudi. Amina.